Mkienda Kusikiliza Mazoezi ya Okestra

Hii ni hotuba niliyoitoa kwa wanafunzi wanaojiandaa kuhudhuria mazoezi ya wazi ya okestra. Naiweka nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wanafunzi wapendwa, walimu wenzangu, na wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja: asanteni sana kwa kuitikia mwito.

Kuna jambo moja ambalo nataka likae vichwani mwenu kabla ya jingine lolote. Watasimama. Okestra itaanza kupiga, muziki utapendeza, ninyi mtaanza kuzama ndani yake, na ghafla mwongozaji atashusha mikono na kila kitu kitakatika. Atasema maneno matatu manne. Watarudi nyuma kidogo, watapiga palepale tena. Kisha watasimama tena. Kila mara ninapowapeleka wanafunzi, hakosi mmoja wa kunifuata wakati wa mapumziko, amenuna, akiniuliza: "Mwalimu, mbona hawamalizi?"

Hawamalizi kwa sababu hawakuja kumaliza. Wamekuja kazini. Ninyi mmealikwa kuwaona wakiwa kazini, na hiyo ni heshima kubwa kuliko wengi wenu mnavyodhani. Muziki uliokamilika mnaweza kuusikia redioni, mnaweza kuusikia kwenye simu, mnaweza kuusikia usiku wa manane mkiwa kitandani. Lakini ni wapi pengine mtakapowaona watu themanini, tisini, wote wamebobea, wakikosea, wakisahihishwa mbele ya wenzao, na dakika moja baadaye wakipiga vizuri zaidi? Ni wapi? Mimi nikiambiwa nichague tiketi moja tu, ya tamasha au ya mazoezi, nitachukua ya mazoezi.

Wala msidhani mnapewa makombo. Mazoezi ya wazi yana historia yake. Mwaka 1749 huko London, mtunzi Handel alikuwa ameandika muziki wa kusindikiza fataki za kifalme. Tarehe 21 Aprili, siku sita kabla ya sherehe yenyewe, muziki huo ulifanyiwa mazoezi hadharani katika bustani za Vauxhall. Habari zilizoandikwa wakati ule zinasema watu zaidi ya 12,000 walilipa kiingilio, na magari ya farasi yakafungana kwenye Daraja la London kwa saa tatu. Kwa ajili ya mazoezi! Siku ya sherehe ilipofika, sehemu ya jengo lililojengwa kwa ajili ya fataki ikashika moto. Kwa hiyo waliokwenda Vauxhall waliusikia muziki kwa utulivu kuliko walioisubiri sherehe.

Mfano wa pili unatuhusu sisi moja kwa moja, kwa sababu unahusu muziki uleule mtakaousikia: Simfonia ya Tisa ya mtunzi Dvořák, kazi ndefu ya okestra yenye sehemu nne, ile iitwayo Kutoka Ulimwengu Mpya. Wakati ule okestra ya New York Philharmonic ilikuwa na desturi ya kufanya mazoezi ya wazi Ijumaa mchana, watu wakinunua tiketi na kuja, na tamasha rasmi likifuata Jumamosi jioni. Simfonia hii ilitambulishwa rasmi tarehe 16 Desemba 1893 katika ukumbi wa Carnegie, mwongozaji akiwa Anton Seidl. Hiyo ndiyo tarehe iliyoandikwa vitabuni. Lakini watu walikuwa wameshaisikia siku iliyotangulia, Ijumaa tarehe 15. Hebu fikirini: hadhira ya kwanza kabisa kuisikia simfonia hii, ambayo leo hupigwa kila pembe ya dunia, ilikuwa hadhira ya mazoezi ya wazi. Viti vyao ndivyo mtakavyokalia ninyi.

Niseme ukweli kuhusu jambo moja hapo. Mazoezi yale ya Ijumaa yalikaribia kuwa tamasha kamili. Ya siku hizi hutofautiana. Kama ni mazoezi ya mwisho, asubuhi ya siku ya tamasha, mwongozaji anaweza kuipiga simfonia yote bila kusimama, kisha akarudia sehemu chache tu. Kama ni ya siku mbili tatu kabla, anaweza kutumia nusu saa kwenye ukurasa mmoja. Hatutajua mpaka tuwe tumekaa. Jiandaeni kwa yote mawili.

Sasa twende ndani ya ukumbi.

Fikeni mapema. Siongelei nidhamu tu hapa, ingawa nayo ina mahali pake. Fikeni mapema kwa sababu dakika kumi na tano kabla ya kuanza ni sehemu ya somo. Hamtakuta pazia lililofungwa. Mtakuta jukwaa wazi, taa zinawaka, na watu waliovaa suruali za jinzi, masweta na viatu vya kutembelea, kila mmoja anapiga lake. Kelele tupu! Mpiga tarumbeta anarudia nota tano zilezile. Mpiga fidla anakimbiza vidole kwenye kifungu kigumu, polepole, kisha haraka, kisha polepole tena. Msiseme hawajaanza. Wamekwisha kuanza. Kila mmoja anajitengenezea pale panapomtia wasiwasi, na ukisikiliza vizuri utajua ni wapi simfonia ile ina miiba.

Mtafuteni mpiga timpani. Yuko nyuma kabisa, ana ngoma kubwa nne hivi za shaba zilizomzunguka. Mtamwona ameinama, sikio lake karibu kugusa ngozi ya ngoma, anaigusa kwa kidole, anakanyaga pedali, anaigusa tena, kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Ngoma zile zina nota zake, na nota hizo hubadilishwa katikati ya muziki huku wenzake wote wakipiga kwa nguvu. Yeye anatakiwa kuisikia ngoma yake iliyo kimya ndani ya kelele hiyo yote. Mtafuteni na mpiga obo pia, chombo cha mbao cha kupuliza, katikati ya jukwaa. Huenda mkamwona ameweka kitu kidogo mdomoni, kama kijiti. Huo ni ulimi wa chombo chake, vipande viwili vyembamba vya tete vilivyofungwa pamoja, na lazima ulowe kwanza ndipo utoe sauti. Wapiga obo wengi huchonga ndimi hizo wenyewe kwa kisu. Saa nyingi za maisha yao zinaishia kwenye kuchonga tete.

Halafu kutakuwa kimya. Mpiga fidla mkuu, yule anayeketi kiti cha mbele kabisa upande wa kushoto wa mwongozaji, atasimama. Obo itatoa nota moja ndefu: nota ya A. Nota hiyo ni mitetemo 440 kwa sekunde kwa kipimo cha kimataifa, ingawa okestra nyingi za Ulaya hupandisha kidogo, 442 au 443. Kwa nini obo, na si fidla ambazo ndizo nyingi? Sauti ya obo ni kali na nyembamba, haimezwi na sauti nyingine, hivyo hata aliyeketi nyuma kabisa anaikamata. Siku hizi mpiga obo mara nyingi ana kifaa kidogo cha elektroniki kwenye stendi yake cha kuhakikisha nota hiyo haijapanda wala kushuka. Vyombo vyote vinakuja kwenye nota ile moja, kundi kwa kundi, kisha mwongozaji anaingia, anasalimia kwa ufupi, na kazi inaanza.

Nasema kazi, na kazi ina saa. Mazoezi ya okestra kubwa kwa kawaida huchukua saa mbili na nusu hadi tatu, mapumziko yakiwa ndani yake, na muda huo umeandikwa kwenye mikataba ya wanamuziki. Ukifika wakati wa mapumziko, wanapumzika, hata kama mwongozaji alikuwa katikati ya sentensi. Kwa hiyo atakapozungumza, atazungumza kwa ufupi kabisa. "Herufi D, tafadhali. Pembe, pungufu kidogo. Fidla za pili, nawahitaji zaidi." Basi. Kwenye karatasi za nota kuna herufi au namba zilizoandikwa kila baada ya sehemu fulani, ili watu tisini waweze kuanza mahali pamoja bila kutafutana. Ukisikia herufi au namba ikitajwa, jua wanarudi hapo.

Na ninyi mtafanya nini wakirudi? Hapa ndipo penye moyo wa hotuba yangu, kwa hiyo naomba masikio yenu yote.

Sikilizeni kilichobadilika. Mara ya kwanza walipiga hivi. Wakasimama. Maneno machache yakasemwa. Mara ya pili wakapiga vile. Ni nini kilichobadilika? Wakati mwingine mtakisikia mara moja: pembe zilikuwa juu mno, sasa zimeshuka na filimbi imetokea ambayo hamkujua ipo. Wakati mwingine hamtasikia tofauti yoyote. Msikate tamaa. Wasikilizeni mara ya tatu. Sikilizeni kilichobadilika, na baada ya nusu saa masikio yenu yatakuwa yanafanya kitu ambacho hayakujua kukifanya yalipoingia mlangoni.

Nichukue mfano kutoka Dvořák. Sehemu ya pili ya simfonia, iitwayo Largo, inaanza na sauti chache nzito, polepole, za vyombo vya shaba na baadhi ya vyombo vya mbao vikipuliza kwa pamoja. Kwenye karatasi ni nota chache sana. Mtoto wa darasa la muziki anaweza kuzisoma. Lakini muulizeni mwanamuziki yeyote aliyewahi kuzipuliza. Ni taratibu, ni laini, hakuna pa kujificha. Kila mmoja anatakiwa aanze pumzi sekunde ileile, kimo cha nota yake kikubaliane na cha jirani yake, na pasiwepo anayetokeza juu ya wenzake. Sina shaka mwongozaji atasimama hapo. Atawaambia labda wapulize bila tuba, kisha bila tromboni, kisha wote. Nota zilezile, mara tatu, mara nne. Mara ya kwanza mtasikia watu wengi wakipuliza. Wakifika wanapopataka, mtasikia kitu kimoja. Mkisikia tofauti hiyo, mmepata mlichokiendea.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Kwa nini wasipige tu, mradi nota ni sahihi?

Vienna, 22 Desemba 1808. Beethoven amepata ukumbi wa Theater an der Wien kwa tamasha la kazi zake mwenyewe. Ndani yake kuna Simfonia ya Tano na ya Sita, koncheto ya nne ya piano, sehemu za misa, na mwishoni kazi ya piano, kwaya na okestra. Jioni moja! Tamasha lilikwenda karibu saa nne, ukumbi ukiwa na baridi kali. Mazoezi hayakutosha, yalikuwa machache mno kwa muziki mpya na mgumu kiasi kile. Walipofika kwenye kazi ya mwisho, Beethoven mwenyewe akiwa kwenye piano, wanamuziki wakapotezana. Wengine huku, wengine kule. Beethoven akawasimamisha hapohapo, mbele ya hadhira, na wakaanza upya.

Mnaona? Kusimama kupo. Swali ni wasimame lini. Wasiposimama asubuhi mbele yenu, watasimama jioni mbele ya watu waliokuja kwa ajili ya tamasha.

Najua kuna mmoja wenu, hasa nyie mnaopenda kusoma habari za wanamuziki, ataniambia: mwalimu, mbona Leonard Bernstein aliongoza bila mazoezi? Ni kweli. Tarehe 14 Novemba 1943 Bruno Walter, mwongozaji aliyetarajiwa kuongoza tamasha, aliugua mafua, na Bernstein, kijana wa miaka 25 aliyekuwa msaidizi wa mwongozaji katika New York Philharmonic, akapanda jukwaani Carnegie bila kufanya mazoezi na okestra hata mara moja. Tamasha lilikuwa likitangazwa redioni nchi nzima. Kesho yake jina lake lilikuwa ukurasa wa mbele wa New York Times.

Hadithi nzuri, naipenda. Lakini iangalieni vizuri. Bernstein hakufanya mazoezi na okestra ile. Okestra yenyewe ilikuwa imefanya mazoezi ya muziki ule, na Walter. Vifungu vigumu vilikuwa vimeshasahihishwa, upinde wa kila fidla ulikuwa umeshapangwa, alama za penseli zilikuwa kwenye kila karatasi. Na Bernstein mwenyewe alikuwa msaidizi, kazi yake ilikuwa kuujua muziki ule endapo lingetokea la kutokea. Asubuhi ile alikwenda kwa Walter, ambaye alikuwa amejifunika mablanketi, wakapitia pamoja sehemu za hatari. Kazi iliyofanywa kwenye mazoezi ndiyo iliyombeba. Miaka 15 baadaye, kuanzia 1958, Bernstein huyohuyo alianza kuongoza matamasha ya vijana yaliyorushwa kwenye televisheni mpaka 1972, akisimama mbele ya watoto na kuufungua muziki kipande kwa kipande. Alijua thamani ya kuonyesha mambo ya ndani.

Nimetaja penseli. Naomba mziangalie penseli. Katika vyombo vya nyuzi, wapigaji wawili hutumia stendi moja. Mwongozaji akisema jambo, mmoja wao, yule aliyeketi upande wa ndani, ndiye kwa kawaida anayeinua penseli na kuandika kwa ajili ya wote wawili. Ndiye pia anayefungua kurasa, mwenzake akiendelea kupiga. Mpiga fidla mkuu anaweza kugeuka nyuma na kuonyesha kwa mkono: upinde ushuke hapa, upande pale. Mtaona ujumbe huo ukipita mstari kwa mstari hadi nyuma, kwa kunong'ona, kwa kuinua nyusi. Baada ya sekunde chache pinde zote zinakwenda upande mmoja. Watu wengi huona pinde zikienda pamoja kwenye tamasha wakadhani ni mazoea tu. Ninyi mtakuwa mmeona zilivyopatanishwa.

Jambo jingine kubwa ninalotaka mlione ni kusubiri.

Chagueni mwanamuziki mmoja. Mmoja tu kila mwanafunzi, na msimwache kwa dakika kumi. Msichague mpiga fidla, chagueni mtu wa nyuma. Kwa nini? Kwa sababu fidla hupiga karibu wakati wote, lakini watu wa nyuma huhesabu. Katika Simfonia ya Tano ya Beethoven, ile iliyopigwa usiku uleule wa baridi, tromboni zinakaa kimya sehemu tatu nzima na kuingia sehemu ya nne. Katika simfonia hii ya Dvořák, tuba inapiga katika sehemu ya pili tu, nota chache. Na matoazi? Matoazi yanasikika mara moja katika simfonia nzima, sehemu ya mwisho, tena kwa sauti ndogo ambayo usipojua inakuja itakupita. Mara moja! Simfonia ya dakika arobaini hivi, na pigo moja.

Sasa mtazameni mpigaji huyo. Je, amelala? Je, anaangalia saa? Hapana. Anahesabu. Mtaona pengine midomo ikitikisika, au kidole gumba kikigusa vidole vingine kimoja kimoja gotini. Anasikiliza wengine ili ajue alipo. Anainuka mapema, anayashika matoazi, anasubiri, anayagusanisha, anaketi. Akikosea pigo lile hana la pili la kujirekebishia. Na mwongozaji akisimamisha okestra vipimo viwili kabla ya pigo lake, anaketi na kuanza kuhesabu upya, bila kunung'unika. Mimi huwa navutiwa na mtu huyo kuliko mpiga solo yeyote. Kuna wenzenu hapa wanaoacha kwaya kwa sababu wamepewa mistari miwili tu. Nawaomba hao hasa wamtazame mpiga matoazi.

Tufike kwenye suala la sisi wasikilizaji, na hapa nitakuwa mkali kidogo, mnivumilie.

Mei 1913, Paris. Muziki mpya wa mtunzi Stravinsky kwa ajili ya dansi unakaribia kuonyeshwa. Tarehe 28 yanafanyika mazoezi ya mwisho mbele ya wageni waalikwa, wakiwemo waandishi na wanamuziki. Wanasikiliza. Yanakwisha kwa amani. Tarehe 29, usiku wa onyesho, ukumbi uleule, okestra ileile, mwongozaji yuleyule Pierre Monteux, muziki uleule: watu wakaanza kucheka, kuzomea, kubishana, kelele zikazidi hadi wachezaji jukwaani wakawa hawausikii muziki. Monteux akaendelea mpaka mwisho. Nini kilibadilika kati ya Jumatano na Alhamisi? Hadhira. Watu waliokaa vitini wana nguvu kubwa juu ya kinachotokea jukwaani, na kwenye mazoezi nguvu hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu mwongozaji anazungumza kwa sauti ya kawaida, mara nyingi bila kipaza sauti, akiwapa ninyi mgongo. Mkinong'ona, mtamkosa. Wenzenu nao watamkosa. Na kumbi za muziki zimejengwa ili sauti isafiri: inasafiri kutoka jukwaani kuja kwenu, na inasafiri kutoka kwenu kwenda jukwaani. Zipu ya begi inasikika. Karatasi ya peremende inasikika.

Kuna mahali pamoja naomba sana. Karibu na mwisho wa ile Largo, wimbo mkuu unarudi ukiwa umebaki kwa wapigaji wachache tu wa vyombo vya nyuzi, wameweka vizuia sauti, na wimbo wenyewe unakatika katikati. Kimya. Unaendelea kidogo, unakatika tena. Kimya. Dvořák ameviandika vimya hivyo, ni sehemu ya muziki. Mtu akikohoa kwa kujizuia, haina neno, sote ni binadamu. Lakini simu ikilia hapo, mwongozaji atalazimika kurudi nyuma, na dakika zile mbili zitakatwa kwenye muda wa kazi yao.

Kwa hiyo simu zizimwe kabisa, zisiwekwe tu kimya, maana hata mwanga wa kioo unawafikia wanamuziki gizani. Kurekodi na kupiga picha haviruhusiwi wakati wa mazoezi, hilo liko karibu kila mahali, na lina sababu. Mtu anayerekebishwa mbele ya wenzake amewaamini ninyi. Kosa lake la asubuhi halipaswi kuzunguka mitandaoni jioni. Mkipangiwa viti, kaeni hapohapo, kwa kuwa safu za mbele mara nyingi huachwa wazi kwa ajili ya kazi. Mnaweza kumwona mtu ameketi peke yake katikati ya ukumbi na kitabu kikubwa cha nota mapajani. Huyo ni msaidizi wa mwongozaji. Anasikiliza kutoka huko, kwa sababu aliye jukwaani hawezi kujua sauti inafikaje kwenu. Mwongozaji anaweza kugeuka ghafla na kumwuliza: "Pembe zinafika?" Naye atajibu kwa sauti. Msishtuke, na msikae karibu naye mkiongea.

Makofi? Wakati wa mazoezi hatupigi makofi wakisimama. Tunasubiri mwisho wa kazi, na tukiona wengine wanapiga, nasi tunapiga kwa moyo wote. Wanamuziki wenyewe wana makofi yao. Mwenzao akipiga solo vizuri, kwa mfano yule wa koranglee kwenye Largo, mtasikia miguu ikisuguliwa sakafuni na pinde zikigongwa taratibu kwenye stendi. Mikono yao imeshika vyombo, hivyo wanasifu kwa miguu. Koranglee, kwa wasioijua, ni chombo cha familia ya obo, kirefu kidogo na chenye sauti ya chini zaidi. Wimbo wake pale ndio watu wengi wanaoukumbuka katika simfonia yote.

Kabla ya siku yenyewe nawapa kazi moja ya nyumbani. Isikilizeni Largo mara mbili tatu, ni dakika kumi na mbili hivi. Sihitaji msome maisha ya Dvořák, sihitaji insha. Nahitaji muwe mmeshaujua wimbo, muweze kuuimba kichwani. Asiyeujua muziki hawezi kusikia kilichobadilika, kwa sababu hana cha kulinganishia. Mwenye nota na aende nazo, ajitahidi kufuata, na akipotea asihangaike, herufi ikitajwa atajipata.

Mtachoka pia. Ukweli ni huo. Kutakuwa na robo saa ambayo mwongozaji atahangaika na fidla za pili tu na ninyi hamtasikia anachosema. Waangalieni wasiohusika wakati huo. Mpiga pembe anageuza chombo chake taratibu ili kumwaga maji yaliyokusanyika ndani kutokana na pumzi. Mpiga klarineti ana klarineti mbili, ya B bapa na ya A, na anapuliza hewa ya joto kwenye ile inayosubiri, maana chombo kikipoa kinashuka sauti. Kuna anayefanya mazoezi ya vidole bila kutoa sauti. Kuna anayesoma mbele. Wachache sana watakuwa hawafanyi kitu.

Okestra nyingi zikialika wanafunzi, huwapa nafasi ya kuongea na mwanamuziki mmoja au wawili mwishoni. Huko nyuma nimesikia maswali yaleyale: ulianza ukiwa na miaka mingapi, chombo chako ni bei gani. Si maswali mabaya, lakini nafasi hiyo ni adimu. Muulizeni kuhusu mliyoyaona asubuhi hiyohiyo. Mwulizeni aliyeshika penseli: mliposimama mara ya pili pale mwanzo wa Largo, uliandika nini kwenye karatasi? Mwulizeni mpiga timpani anaisikiaje ngoma yake wenzake wakipiga kwa nguvu. Mwulizeni mpiga matoazi anafikiria nini sehemu ya tatu inapokwisha. Watafurahi, nawahakikishia, kwa sababu watajua kwamba kuna mtu alikuwa anawatazama.

Basi linaondoka saa mbili kamili asubuhi. Sasa nipo tayari kwa maswali yenu, na ningependa tuanze na wale waliokaa nyuma.